MZEE NA USHAHIDI WA ZAMA ZAKE

 

Katika mambo yapendwayo na wazee wa mashamba ni kuketi barazani baada ya sala ya alasiri na kutaja zamani. Hutaja jinsi mvua ilivyokuwa ikija kwa wakati wake, na samaki walivyokuwa tele, na watoto walivyokuwa na adabu. Kisha hugeuka wakazilaumu zama za leo. La kwanza halina ubaya, kwani kuitaja neema ni katika kuishukuru. La pili ndilo lenye hatari. Mtume wa Mungu amekataza kuitukana dahari, kwa kuwa usiku na mchana haviendi kwa amri yao wenyewe, na mwenye kuyatukana mapito ya siku na afikiri anamtukana nani.

Watu wa Tongoni, kusini ya Tanga yapata kilomita 17, wana mawaidha karibu na nyumba zao. Jina la mahali lenyewe ni mawaidha, kwani tongo ni pale palipokaliwa na watu kisha pakahamwa. Karibu na ufuo pana gofu la msikiti, na kando yake makaburi ya nguzo yaliyojengwa kwa matumbawe na chokaa miaka mia kadhaa iliyopita. Na nyingi katika nguzo hizo zimekwisha anguka. Mji wa zamani wa hapo uliitwa Mtangata, na Wareno walipopita mwaka 1498 waliukuta una watu wake. Hapana shaka watu hao nao walikuwa na wazee wao, wakisema barazani kwamba dunia imeharibika.

Basi mzee wa leo ameona nini? Alizaliwa mkonge ukiwa ni mali. Wadachi waliuleta katika miaka ya 1890, mashamba yake yakaenea katika nchi ya Tanga na Pangani, na manamba wakaja kutoka nchi za mbali, wengine wasirudi kwao tena. Alipokuwa kijana aliona bei ya mkonge ikianguka kwa sababu ya kamba za viwandani. Mwaka 1967 mashamba mengi yakatwaliwa na Serikali. Na katika miaka ya 1970 watu wengi wa mashambani wakahamishiwa katika vijiji vipya. Zamani mwenye kwenda Tanga kwa miguu alitoka alfajiri na kurudi jioni, na siku yake imekwisha. Leo hupanda gari au pikipiki, akarudi kabla ya adhuhuri. Zamani jirani akitaka kulima au kuezeka huitwa msaragambo, watu wakaja na majembe yao, na malipo ni chakula. Leo wengi hutaka fedha mkononi. Haya ni kweli, na mzee ana haki ya kuyasikitikia.

Lakini mzee ni shahidi, na shahidi haruhusiwi kutoa nusu ya alilolijua. Mwenyezi Mungu ameuita moyo wa mwenye kuficha ushahidi kuwa ni moyo wenye dhambi. Mwenye kuzisifu zamani na azitaje pamoja na ndui iliyowaua watu, na mama waliokufa katika uzazi kwa kukosa mganga, na watoto waliozikwa kabla hawajatambaa. Na azitaje pamoja na utumwa, ambao katika Tanganyika sheria haikuuondoa mpaka mwaka 1922. Katika pwani hii wako watu ambao babu zao walilima mashamba wasiyoyamiliki, na wako ambao babu zao waliyamiliki mashamba wasiyoyalima. Na wote leo husimama safu moja msikitini. Mwenye kusema kwamba zamani kila mtu alikuwa na furaha amewasahau wale wa kwanza.

Na lililo zito zaidi ni la bahari. Wazee wa ufuoni husema samaki wamekimbia kwa ufisadi wa vijana. Zamani, husema, mtu alitega dema lake, akashusha mshipi wake, na wanawake wakashuka maji ya bamvua kutafuta pweza, na kila nyumba ikapata kitoweo. Ni kweli. Kisha ikaja baruti, ambayo huua samaki mkubwa na mtoto wake kwa mpigo mmoja, na huvunja matumbawe ambamo samaki huzaa na kujificha. Na tumbawe lililovunjika halirudi kwa mwaka mmoja wala miwili. Ila baruti haikuanza jana. Ilikuwako katika bahari ya Tanganyika tangu miaka ya 1960, na sheria ya mwaka 1970 iliikataza, nayo ikaendelea kulia katika bahari ya Tanga miaka mingi baada ya hapo, hata baada ya kuwekwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti mwaka 2009. Walioiwasha mwanzo hawakuwa vijana wa leo. Walikuwa rika la hao hao wazee, na wengine walikula samaki wale wakijua walivyovuliwa. Kijana akilisikia hili kutoka kinywani mwa mzee mwenyewe, litamfaa kuliko lawama mia.

Kwa upande wake, kijana hana ruhusa ya kumchoka. Mwenyezi Mungu amemkataza mtoto kuwatolea wazazi wake waliozeeka hata neno dogo la kuchoshwa; na mzee kusimulia jambo moja mara kumi si hoja ya kumwondokea. Nguvu hutangulia kisha udhaifu hurudi, ndivyo mwanadamu alivyoumbwa.

Tena yako mambo ambayo hayakuandikwa popote ila katika kifua cha mzee. Mpaka wa shamba baina ya ndugu wawili, ambao alama yake ilikuwa mwembe uliokwisha katwa. Deni la marehemu. Minazi iliyowekwa wakfu, nazi zake ziuzwe yanunuliwe mafuta ya taa za msikiti. Leo taa ni za umeme na minazi mingine imekufa, na watoto wa mwenye wakfu hudhani ardhi ile ni urithi wao. Mwenye kulijua sharti la wakfu ule na aliseme angali na akili zake, mbele ya mashahidi wawili waadilifu, na liandikwe kwa tarehe yake, na karatasi iwekwe kwa imamu.