Hongo, Posho na Ombi la Msanii

Yako mambo ambayo watu huyahesabu kuwa ni ya ofisini tu, ya fomu na mihuri, kumbe ndani yake limejificha swali zito la maadili. Mojawapo ni ombi la ruzuku. Kijana mchoraji au mchongaji anapoketi kuandika ombi la fedha asizotakiwa kuzirudisha, kwa ajili ya kazi ambayo haitamletea faida yeye wala wenziwe, je, anawiwa na nani? Jibu la haraka ni kwamba anawiwa na yule aliyempa fedha. Mkataba unasema hivyo, na mkaguzi wa hesabu naye atasema hivyo. Jibu hilo si la uongo, ila halitoshi. Na ili tuone upungufu wake napenda tuisafiri kidogo njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo ikapanda Mpwapwa na Kilimatinde, ikafika Tabora, na kutoka hapo ikaelekea Ujiji penye ziwa, mwendo wa kilometa zipatazo 1,200 kwa miguu.

Kwanza tuliondoe suala la aibu. Wako wazee wenye heshima zao wanaodai kwamba sanaa inayoomba si sanaa, na kwamba mchongaji wa kweli hula jasho la patasi yake. Sidhani kama madai hayo yana mizizi katika historia yetu. Kiti cha enzi cha Kinyamwezi, chenye egemeo refu lililochongwa umbo la mtu, hakikuchongwa ili kiuzwe sokoni. Kilikuwa kitu cha utawala, na mchongaji wake hakuwa akipiga hesabu ya faida. Leo kimojawapo cha viti hivyo kimo katika jumba la makumbusho la Metropolitan huko New York, na mtoto wa Tabora akitaka kukiona hana budi kuvuka bahari. Kazi iliyo ya wote haina mnunuzi mmoja, kwa hiyo hapana budi wawepo wa kuichangia.

Tena taifa letu lilikwisha kulikubali jambo hilo. Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana iliundwa mwaka 1962, mwaka ule ule wa Jamhuri. Nyumba ya Sanaa ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1972, na Baraza la Sanaa la Taifa likapewa sheria yake mwaka 1984. Mwaka 1998 ukaanzishwa Mfuko wa Utamaduni, ukisaidiwa na fedha za Uswidi, na wasanii wengi wa mikoani wakajifunza hapo kwa mara ya kwanza kuandika kile kinachoitwa andiko la mradi. Katika miaka hii ya karibuni mfuko wa taifa wa utamaduni na sanaa umeelekea zaidi katika kutoa mikopo. Mkopo ni jambo jema kwa mwenye studio ya muziki au duka la vinyago. Lakini ukuta wa shule uliochorwa historia ya mji hauuzi tiketi, utarudishaje mkopo? Ndiyo sababu mwenye nia ya kuchora ukuta huo hujikuta akigonga milango ya balozi na mashirika ya nje. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikwisha kutuonya juu ya kutegemea zawadi na mikopo ya kigeni. Sisemi kwamba onyo lile linakataza kuomba. Nasema kwamba linatutaka tujue kinachobadilika ndani yetu tunapoomba.

Sasa tuirudie njia. Watu husahau kwamba waliopita Tabora wakiwa na daftari na kalamu walikuwa, wengi wao, wapokeaji wa ruzuku. Mwezi wa Novemba 1857 Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh, kama ilivyoitwa sehemu hii ya Unyanyembe. Safari yao iliandaliwa na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London, na serikali ya Uingereza ilikuwa imetoa paundi 1,000. Waliomba, wakapewa, wakatumwa. Na kwa kuwa aliyetoa alitaka kujua habari za maziwa na chanzo cha Mto Nile, ndiyo maana maziwa yakawa ndiyo safari yenyewe. Mwaka 1858 Speke aliondoka Kazeh kwenda kaskazini akaiona Nyanza, na habari hiyo ikatikisa London. Kilichobaki, yaani watu waliobeba nguo na shanga na risasi za safari ile, kikawa pambizoni mwa taarifa.

Lakini yako ya pambizoni yaliyoandikwa, nayo yanatuhusu. Waliporudi Unguja mwaka 1859 ulizuka ugomvi juu ya malipo. Balozi aliyekuwapo walipoanza safari alikuwa ameahidi malipo na zawadi kwa baadhi ya watu wa msafara, naye alikwisha kufariki. Burton alishikilia kwamba watu wale hawakutimiza wajibu wao, na kwamba fedha zilikwisha. Balozi mpya, Rigby, hakuridhika, akaandika kwa serikali yake, na Burton akapata lawama rasmi. Tazama basi: taarifa kwa mfadhili ilikwenda, imekamilika, ina ramani, na wakati huo huo wako waliobeba mzigo wakidai. Kazi inaweza kuwa imefaulu mbele ya aliyeitoa fedha, na huku imeshindwa mbele ya aliyeibeba.

Turejee kwa vijana wetu. Tuseme wako watano Tabora, hodari wa rangi na wa kuchonga mninga, nao wanataka kuchora picha ya njia ya misafara katika ukuta mrefu wa shule, pasipo kumtoza mtu yeyote. Watalipata wapi jina la mradi? Mwaka 2006 nchi yetu iliiweka njia hii katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia, kwa jina la njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Jina hilo linajulikana, nalo lina ukweli. Kijana anayeandika ombi atagundua upesi kwamba neno “watumwa” hufungua mlango ambao neno “wapagazi” huugonga tu. Atachora minyororo. Akishachora minyororo katika andiko, hana budi kuichora ukutani, maana ameahidi.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Wanyamwezi waliobeba mizigo katika njia ile walikuwa, kwa sehemu kubwa, watu huru waliofanya kazi ya ujira. Walipatana bei kabla ya kuinua mzigo. Walikuwa na viongozi wao, akina kirangozi, na nyimbo zao, na desturi ya kukaa kitako wakagoma wasipotendewa haki. Kijana wa Unyamwezi aliyekuwa hajawahi kuiona pwani alihesabiwa kuwa bado hajakomaa. Pagazi alibeba kilo 30 na zaidi begani, akarudi kwao na nguo ya merikani, jina ambalo lenyewe linatuambia ilikotoka, na kwa nguo hiyo akaoa. Picha itakayomgeuza mtu huyo kuwa mfungwa itakuwa imemnyang'anya kitu alichokuwa nacho. Msanii hana haki ya kuuza heshima ya marehemu asiyeweza kujibu, hata kama fedha zote zitaingia katika rangi na si mfukoni mwake.

Atatokea mtu mwenye akili ya vitendo aniambie: Bwana, acha waandike minyororo, wapate fedha, kisha wachore wanachotaka, vinginevyo ukuta utabaki mtupu, na ukuta mtupu haumfundishi mtoto chochote. Nimekaa miaka mingi katika ofisi ambako karatasi za namna hii hupita, na hoja hiyo nimeisikia kwa watu ninaowaheshimu. Siidharau. Walakini ina dosari mbili. Ya kwanza ni kwamba inamfanya mfadhili kuwa mjinga wa kudanganywa, na aghalabu si mjinga. Ukimwandikia kweli kwa lugha nzuri huenda akashangaa, akatoa. Ya pili ni kubwa zaidi. Mtu hawezi kuandika sentensi moja mara ishirini bila sentensi hiyo kuingia machoni mwake. Baada ya maombi matatu au manne, kijana huyo hataiona Tabora tena ila kwa macho ya fomu. Nimesoma maandiko ambayo ungebadilisha jina la wilaya tu, yakafaa kwa Kilwa, yakafaa kwa Lamu, yakafaa kwa pahali popote palipo na huzuni ya kuonyesha wageni.

Ila nisije nikaeleweka vibaya, kana kwamba ninawataka vijana wawafurahishe wenyeji badala ya wafadhili. Hilo nalo ni shimo. Watumwa walikuwapo Unyanyembe, tena wengi. Si wote waliokuwa mali ya wafanyabiashara wa Kiarabu. Ziko nyumba za Kinyamwezi zilizonunua watumwa kwa ujira wa upagazi ili walime mashamba wakati wanaume wako safarini. Ukiitisha mkutano mtaani na kuuliza kama jambo hilo lichorwe, wengi watasema liachwe. Waliokuwa watumwa hawana wa kuwasemea katika mkutano ule, maana wajukuu wao wamechanganyika na wenyeji na hawapendi kutajwa hivyo, nao wana haki ya kutopenda. Kwa hiyo deni la msanii halilipwi kwa kumpendeza mfadhili, wala kwa kumpendeza mwenyekiti wa mtaa. Ni deni kwa wale wote waliopita njiani, aliyelipwa na asiyelipwa, na wa pili huyo ndiye asiye na mdai.

Yako maneno mawili ya njia ile ambayo bado tunayatumia kila siku, nayo yana mafundisho. La kwanza ni hongo. Leo hongo ni rushwa, na ni kosa la jinai. Katika enzi za misafara hongo ilikuwa kitu alichopewa mtemi kwa kupita katika nchi yake: nguo, shanga, waya wa shaba. Wageni waliiandika kama usumbufu. Kwa mwenye nchi ilikuwa na maana nyingine. Ilimaanisha kwamba huwezi kupita kwangu kana kwamba hapana mtu. Mwaka 1871, wakati Mirambo alipoifunga njia ya Ujiji akapigana na Waarabu wa Unyanyembe, ugomvi ulikuwa na sababu nyingi za biashara na utawala, lakini mojawapo ilikuwa hii ya nani hasa ni mwenye nchi. Neno limeoza, ila jambo lililokuwa ndani yake halikuoza. Mradi wa sanaa unaokuja na fedha kutoka mbali, ukachukua hadithi za wazee wa Kwihara, ukachukua sura zao katika picha, ukaondoka, umepita nchini kwa watu bila hongo. Wala simaanishi wazee wapewe bahasha. Namaanisha waulizwe kwanza.

La pili ni posho. Ilikuwa ni chakula cha mpagazi, au nguo na shanga za kununulia chakula hicho njiani, na msafara usiotoa posho haukufika mbali. Leo fungua bajeti ya mradi wowote uone posho ni ya nani. Ni ya washiriki wa semina, ni ya mgeni rasmi, ni ya dereva wa mgeni rasmi. Mzee anayekaa siku nzima chini ya mwembe akiwasimulia wachoraji yale aliyosimuliwa na babu yake, mara nyingi hana mstari katika bajeti hiyo. Ameitwa mnufaika. Ni jambo la ajabu kumwita mnufaika mtu ambaye ndiye mwenye ghala.

Na lugha je? Maombi mengi huandikwa kwa Kiingereza, kwa sababu yule atakayeyasoma ndiyo lugha yake ya kazi. Siwezi kuwalaumu vijana kwa hilo. Lakini matokeo yake ni kwamba mambo mazito yameahidiwa kwa jina la watu wa Kwihara, Itetemia au Ng'ambo, nao hawajui kilichoahidiwa. Ningependa ombi liandikwe kwanza kwa Kiswahili, lisomwe kwa sauti mbele ya watu waliotajwa ndani yake, ndipo litafsiriwe. Sentensi nyingi hazitavumilia kusomwa hivyo. Jaribu kusimama mbele ya mama mwenye shamba lake la tumbaku na mizinga yake ya nyuki, umsomee kwamba yeye ni “jamii iliyo hatarini isiyojua thamani ya urithi wake”. Utaona haya kabla hujafika kwenye nukta. Walimu wa sekondari wangeweza kulifanya jambo hili kuwa zoezi la darasani: wanafunzi waandike ombi la kuchora ukuta wa shule yao, kisha walisome mbele ya wazazi siku ya mkutano, na kila sentensi iliyowafanya wazazi wakunje uso ijadiliwe kama inabaki au inatoka. Nyingine zitabaki, hata kama zinauma, kwa sababu ni za kweli.

Kuhusu hesabu, risiti na taarifa za kila robo mwaka, sina la kusema ila zifanywe kwa uaminifu. Fedha ya mtu ni fedha ya mtu.

Limebaki jambo dogo la majina. Pale Kwihara, kilometa chache kutoka mjini Tabora, iko tembe inayojulikana na wageni kwa jina la Livingstone, aliyeishi hapo tangu Februari hadi Agosti 1872, miezi sita hivi, akingojea wapagazi na vifaa kutoka pwani. Wapagazi walipofika ndipo alipoweza kuondoka. Ukuta wa vijana wetu ukimalizika, pembeni chini patawekwa nembo ya mfadhili, kwa kuwa mkataba unadai hivyo, na pengine jina la mgeni rasmi aliyekata utepe. Itafaa vijana hao waulize mapema, kabla ya kutia sahihi, kama mkataba unaruhusu pia orodha ya waliosimulia, na ya mafundi waliopaka chokaa, na upana wa orodha hiyo uwe sentimita ngapi.