Hesabu ya Nusu Mwaka

Wiki hii saiba za Lunga Lunga zimejaa hadi nje. Kila mtu anakimbiza ritani za KRA kabla ya Juni 30, maana ukichelewa kuna faini ya kuanzia shilingi 2,000. Nikipita hapo Jumatatu jioni nilijiuliza: serikali tunaipelekea hesabu kila mwaka, na yale makaratasi tuliyoandika malengo usiku wa kesha, Desemba 31, yako wapi?

Yangu ilikuwa ndani ya Biblia, kwa kitabu cha Hesabu. (Nilidhani huo ni mzaha mzuri.) Niliandika mambo manne: ibada ya pili ifike watu 300, nimalize deni la Sacco, nifunge kila Ijumaa, na nitembelee mgonjwa mmoja wa kanisa kila wiki.

Kabla ya huduma nilifanya kazi kwa godauni moja hapa Industrial Area, digrii ya biashara mkononi, nikihesabu katoni. Kulikuwa na sheria: anayetunza stoo haihesabu peke yake. Si kwamba ni mwizi. Ni kwamba tayari anajua kitabu kinasema ngapi, na jicho lake litaona hiyo hiyo. Mimi niliwahi kuandika katoni 48 kwa rafu yenye 41. Sikuwa naiba. Nilikuwa nimechoka, na kitabu kilisema 48.

Sasa mtu akijipima mwenyewe, yeye ndiye stoo, ndiye mtunzaji, ndiye mkaguzi. Hesabu kama hiyo ina maana gani? Paulo anawaambia Wakorintho kwamba hata yeye hajihukumu, hakimu wake ni Bwana. Hiyo ni sura ya 4. Lakini sura ya 11, barua ile ile, anataka kila mtu ajichunguze kabla ya kushiriki meza. Kwa muda mrefu niliona hapo mgongano. Siku hizi naona mtu anayekubali kuhesabu lakini anakataa kujiwekea sahihi.

Kuna wahubiri wanaosema kujipima ni kukosa imani, wanamtaja Daudi alivyohesabu watu akaadhibiwa. Sikubaliani nao. Musa aliagizwa na Mungu mwenyewe ahesabu. Ukisoma 2 Samweli 24, Yoabu anamuuliza mfalme mbona anataka hesabu hii, na hatuoni mfalme akimjibu. Alitaka tu nambari.

Na yule mtumwa wa tatu, aliyefukia talanta? Kwa macho ya godauni, yule angepita. Alipewa moja, akarudisha moja, hakuna upungufu. Mkaguzi angempa mkono. Lakini bwana wake hakuuliza kama kuna kilichopotea. Aliuliza kilichofanyika. Pia kumbuka aliyepewa mbili alisifiwa kwa maneno yale yale ya aliyepewa tano. Nasema hivi kwa ajili ya ndugu zetu wanaosimama kwa geti za viwanda tangu alfajiri wakingoja kibarua. Ndugu, kama ulipata kazi siku tatu tu mwezi huu, hiyo nambari iko mkononi mwa supavaiza. Usijipige nayo. Jiulize zile siku tatu zilienda wapi, na zile zingine ulikuwa nani nyumbani.

Turudi kwa karatasi. Watu 300: tumefika 280, na nikiwa mkweli, watoto wa Sande Skuli tunawahesabu mara mbili. Deni limepungua. Kufunga, nimekosa Ijumaa kadhaa, mbili kwa sababu ya nyama choma. Wagonjwa: wiki 25, nimetembelea watatu. Kalamu ilikuwa tayari inaandika "naendelea vizuri."

Nikakumbuka ile sheria ya stoo. Nikampa mama watoto karatasi, nikamwambia, "Hebu hesabu wewe." Alisoma kimya, akafika kwa ile ya nne, akauliza, "Na yule mama wa Reuben?"

Huyo mama aliuza sukuma karibu na kanisa miaka mingi. Tangu Februari mguu wake umekuwa na kidonda cha sukari. Alituma mtu aniite. Mara mbili nimepita kwenye kichochoro chake nikienda kupanga mkutano wa injili, ule wa kutufikisha 300.

Nilienda Jumatano na unga na mafuta ya kupika. Nilimkuta ameketi mlangoni, mguu juu ya mtungi wa maji. Hakunilaumu. Alisogeza kiti, akasema, "Karibu, Pasta. Nilidhani kanisa lilihama."

Karatasi nimemwachia mke wangu. Ataniita tena mwisho wa Septemba.