Mficha Uchi Hazai: Methali ya Leba Katika Ofisi ya Mkurugenzi

Mara nyingi methali hii huambiwa mgonjwa aliyefika hospitali kisha akamficha daktari mahali hasa panapomuuma. Darasani huelezwa kwa mstari mmoja: mwenye shida aiseme ili asaidiwe. Maelezo hayo si makosa, ila yanaipunja. Yanaifanya pacha wa ile isemayo mficha maradhi kifo humuumbua, ilhali hizi mbili zinafanana kwa sura tu. Ile ya maradhi inatishia kifo. Hii inazungumzia mtoto. Haisemi kwamba mfichaji ataadhirika au atachekwa, inasema hazai, basi. Hasara yote iko kwenye kile ambacho hakikuzaliwa, na kitu ambacho hakikuzaliwa hakina kaburi wala matanga, ndiyo maana mfichaji anaweza kuishi miaka mingi akidhani hajapoteza chochote.

Nataka kuipeleka methali hii mahali ambapo haijazoea kupelekwa: kwa mkurugenzi, meneja, mkuu wa shule, mganga mfawidhi, kwa yeyote mwenye watu chini yake na muhuri mezani.

Kwanza tuitazame picha yenyewe. Mama mwenye uchungu havui nguo njiani. Anavua chumbani, mbele ya mkunga, saa ya kuvua ikifika, na anavua kwa sababu kuna kiumbe kinachotaka kutoka. Uwazi unaosifiwa hapa una mahali pake na mtu wake. Bosi anayewaita waandishi wa habari kulalamika kwamba wafanyakazi wake ni wazembe amesema mengi, lakini hajamvulia mkunga yeyote. Na yule anayemwaga siri za wenzake kikaoni kwa jina la kusema kweli, huyo kavua nguo za watu.

Mei 2010 ilitupa mfano ambao mpaka leo naona ugumu kuuhukumu. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi Tanzania, TUCTA, lilidai kima cha chini cha mshahara kiwe shilingi 315,000 na likatangaza mgomo wa nchi nzima. Tarehe 3 ya mwezi huo Rais Jakaya Kikwete alizungumza na wazee wa Dar es Salaam katika ukumbi wa Diamond Jubilee. Alisema serikali haina uwezo wa kulipa kiasi hicho hata wafanyakazi wagome miaka minane, na kama ni kura zao, yuko tayari kuzikosa. Mwaka wa uchaguzi huo! Wanasiasa wengi wangeahidi tume, au mchakato, wavuke Oktoba salama. Kwa kipimo cha kusema lisilopendeza, hotuba ile ilikuwa na ujasiri wake.

Lakini waliokaa kwenye viti walikuwa wazee. Wenye madai waliyasikia majibu yao redioni na kwenye televisheni, wakizungumzwa kana kwamba hawapo. Ukisema kweli kuhusu watu bila kuwaambia wenyewe, hiyo ni taarifa, bado hujazungumza nao. Kikwete alishinda uchaguzi kwa asilimia zaidi kidogo ya 60, kutoka 80 za mwaka 2005. Sababu za kushuka huko ni nyingi na nisingependa kuibebesha hotuba moja mzigo wote. Ninachokiona ni kwamba hesabu zilezile za mapato na mishahara zingewekwa mezani mbele ya viongozi wa TUCTA, ugomvi ungebaki, ila ungekuwa ugomvi wa watu wanaotazama karatasi moja.

Mwalimu Nyerere naye alivua, tena kwa maandishi. Mwanzoni mwa 1977, Azimio la Arusha lilipotimiza miaka kumi, alitoa tathmini iliyokiri kwamba Tanzania haijawa nchi ya ujamaa wala haijajitegemea, na akataja udhaifu wa mashirika ya umma na wa uzalishaji. Sijui ni wakuu wangapi wa taasisi zetu leo wangeweza kuandika ripoti ya namna hiyo kuhusu kazi yao wenyewe wakiwa bado kitini. Hata hivyo mwelekeo wa uchumi haukubadilika sana mpaka katikati ya miaka ya themanini. Kwa nini? Sababu mojawapo, kwa maoni yangu, ni kwamba waliosomewa tathmini hiyo hawakuwa na nafasi ya kuifanyia kazi. Chama cha wafanyakazi, NUTA, kilikuwa chini ya chama tawala, na warithi wake, JUWATA, walizaliwa mwaka uliofuata ndani ya utaratibu uleule. Mkunga alikuwa mwajiriwa wa mzazi. Kwa hiyo kuvua peke yake hakuzalishi, lazima mkunga aruhusiwe kunyoosha mkono.

Miaka sita kabla, mkono huo ulikuwa umenyooshwa. Mwongozo wa TANU, chama tawala cha wakati huo, wa 1971, katika kifungu chake cha 15, ulimkataza kiongozi kuwa na majivuno, dharau na unyanyasaji. Wafanyakazi wakauchukua kwa maana yake halisi. Viwandani Dar es Salaam ikawa kawaida kusikia watu wameweka zana chini, na kwingine meneja kafungiwa nje ya geti. Mwanazuoni Issa Shivji, aliyeichunguza migomo ile, alionyesha kwamba mingi yake haikuanzia kwenye mshahara. Ilianzia kwenye matusi na namna mtu alivyosemeshwa na bosi wake. Jambo hilo linanigusa kila nikisikia kiongozi akidai kwamba wafanyakazi wa nchi hii wanachojali ni posho tu.

Sasa tuje kwenye ofisi za leo. Nilipata kukaa kwenye kikao cha wafanyakazi wa kampuni ambayo sitaitaja. Maji ya chupa, maandazi kwenye sahani za karatasi, kabrasha nene lililogawiwa watu wakiwa wameshakaa. Dereva mmoja wa makamo akasimama, akatoa simu mfukoni, akaanza kusoma michango yake ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF: mwezi wa nne upo, wa tano haupo, wa sita haupo, na hati ya mshahara kila mwezi inaonyesha amekatwa. "Mkurugenzi, naomba nieleweshwe tu," akasema, "hela yetu iko wapi?" Jibu likaja kwa sauti ya upole kabisa: "Suala hilo tunalifahamu, na linafanyiwa kazi." Mwenyekiti akasogeza ajenda.

Karibu kila mtu mle ndani alilijua jibu. Mteja mkubwa alichelewa kulipa, fedha za makato zikaziba pengo la mafuta na kodi ya ofisi. Kukiri hivyo kungekuwa aibu, na tena kungekuwa kukiri kosa la kisheria, kwa sababu makato ya mfanyakazi si mkopo wa mwajiri. Kwa hiyo siupuuzi woga wa yule mkurugenzi. Lakini pale palikuwa na watu waliokuwa tayari kukaa na kupanga namna ya kulipa malimbikizo kidogo kidogo, na mmoja wao alishamfahamu vizuri yule mteja mkorofi. Mpango huo haukuzaliwa. Kilichofuata ni minong'ono kantini, kisha mafundi wawili hodari wakaanza kutafuta kazi kwingine kimyakimya.

Hapa methali inagusa jambo ambalo mafunzo ya mawasiliano kwa viongozi huliruka. Mama aliye leba haoni aibu kidogo kuliko wengine. Aibu anayo, tena nyingi, ila mtoto ameizidi aibu hiyo kwa thamani. Mtu asiyejua anazaa nini hana sababu yoyote ya kuvua, na ukimlazimisha atakuwa unamdhalilisha bure. Kwa hiyo kumfundisha mkurugenzi mbinu za kusema wazi kabla hajajua kazi yake ni ya nini ni kuanzia mwisho. Yule mkurugenzi wa michango ya NSSF alikuwa akikilinda kiti. Kama angekuwa akiilinda kazi, aibu ya nusu saa ingemwia nyepesi.

Taasisi zetu huandika makusudio yao kwenye fremu mbili, Dira na Dhamira, zikatundikwa mapokezi juu ya kochi la wageni. Sizidharau, lakini nikitaka kujua taasisi inazaa nini, huwa nakwenda masijala. Mwulize karani anayeshika faili la mjane anayefuatilia mafao ya marehemu mumewe. Kuna karani atakayekuambia, "Faili limekwenda kwa bosi," basi. Na kuna atakayekuambia mama huyu anatoka Kilosa, nauli yake ni ngumu, barua inayokosekana ni moja, na yeye ameshaipigia simu halmashauri. Karani wa pili anajua makusudio ya kazi kuliko fremu zote mbili, na mara nyingi aliyajua kwa sababu kuna mkuu wa idara aliyewahi kumwambia kweli: tumewachelewesha watu hawa, kosa ni letu, tufanyeje?

Upande wa pili una wajibu pia, na methali inauchukulia kama jambo linalojulikana. Mkunga ana sitara. Anayoyaona chumbani hayatoki naye. Mfanyakazi anayerekodi kikao kwa siri na kukitupa kwenye kundi la WhatsApp kabla chai haijapoa anamfundisha bosi wake kutovua tena. Ila mizani haiko sawa, na tusijifanye iko sawa: karani akisema kweli anaweza kupoteza kibarua, mkurugenzi akisema kweli mara nyingi hupoteza sura kwa wiki moja. Tanzania ina Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi tangu 2015, na hata hivyo mtu wa chini atasubiri aone wa juu akianza. Ndiyo maana wa kwanza kuvua anapaswa kuwa mwenye muhuri.

Namna ya kuanza si ngumu. Katika ajenda nyingi mambo mazito hukaa kwenye "mengineyo", saa saba na nusu, watu wakitazama chakula kinavyopangwa nje ya dirisha. Yapandishwe juu, baada tu ya kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita. Mhasibu awepo na taarifa ya benki ya mwezi huo, asitumwe mwakilishi. Mkurugenzi aseme deni ni kiasi gani na limetokana na nini, kisha anyamaze, awaache madereva, mafundi na makarani wazungumze kabla wakuu wa idara hawajapewa nafasi.