Mtu Asiyeandikwa Daftarini

Somo: Matendo ya Mitume 6:1–7

Ndugu wapendwa katika Kristo,

Padre wetu ameniomba niandike neno la mwezi huu, nami nimekubali kwa hofu kidogo, kwa kuwa kazi yangu ya maisha yote ilikuwa ubao na chaki, si mimbari. Kwa hiyo msitazamie mahubiri ya mtu aliyesomea theolojia. Nitasema juu ya jambo nililofundisha miaka mingi, yaani hesabu, na juu ya kosa nililolifanya kwa mkono wangu mwenyewe.

Fungueni kwanza somo letu. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa bado changa, na waumini walikuwa wakiongezeka. Kila siku wahitaji waligawiwa chakula. Lakini wajane wa wale Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wakirukwa. Maandiko hayasemi kwamba kuna mtu aliyewachukia. Walisahauliwa tu. Na ndugu zangu, kusahauliwa kunatosha kumlaza mtu na njaa.

Tazameni walivyofanya Mitume. Hawakujibu kwamba wajane walio wengi wamekwisha kula. Hawakusema kwamba kunung'unika ni utovu wa adabu. Waliwaita waumini wote pamoja, wakachaguliwa watu saba wenye sifa njema, na majina yote saba ni ya Kiyunani. Maana yake ni wazi. Kazi ya kuangalia nani amepata na nani hajapata walipewa watu waliokuwa karibu na wale waliorukwa. Na mstari wa 7 unatuambia kwamba baada ya hapo Neno la Mungu lilizidi kuenea.

Sasa niwaambie kosa langu.

Mwaka 1988, mwezi wa Agosti, nchi yetu ilifanya sensa. Nilikuwa mwalimu kijana, sina miaka mingi tangu nitoke chuo cha ualimu, nikateuliwa kuwa karani katika kijiji kimoja wilayani Muheza. Nilipewa madodoso, penseli na mfuko wa kuvaa begani, nikajiona mtu mkubwa. Katika nyumba moja ya mwisho kabisa wa kijiji nilimkuta mama anapepeta mahindi. Nikamwuliza ni watu gani waliolala humo usiku wa sensa. Akanitajia majina matano. Katika semina tulikuwa tumefundishwa kurudia swali: Je, hakuna mgonjwa? Hakuna mtoto mchanga? Hakuna mzee aliyelala ndani? Lakini jua lilikuwa linazama, na nyumba zilizobaki zilikuwa nyingi. Sikurudia swali. Nikaandika watano, nikatia alama ya chaki mlangoni, nikaenda zangu.

Januari iliyofuata nilipita nyumba ile ile nikiandikisha watoto wa darasa la kwanza. Mvua ya ghafla ikanikuta, nikakaribishwa ndani. Nikasikia mtu anakohoa chumbani. Nilipouliza, mama alinyamaza kwanza, kisha akasogeza pazia. Palikuwa na msichana wa miaka kama 11, ameketi juu ya jamvi, miguu yake haina nguvu.

Nikasema, "Mama, mbona siku ile ulinitajia watu watano?"

Akanijibu bila hasira, "Mwalimu, wewe uliuliza watu. Huyu hapa kijijini hakuna anayemwita mtu. Wakipita huuliza tu, kile kitu chenu bado kipo?"

Neno lile halijanitoka mpaka leo. Yule mama hakuwa mwongo. Alikuwa amejibu kama kijiji kilivyomfundisha, na mimi mwenye kalamu nilitia sahihi yangu chini ya jibu hilo.

Kaka yake alikuwa ameingia darasa la sita. Tukakubaliana awe anambeba mgongoni mpaka shuleni, nami nikamtafutia nafasi karibu na mlango. Alikuja karibu miaka miwili, mpaka kaka yake alipomaliza darasa la saba. Mgongo ulipoondoka, shule nayo ikaisha, maana hapakuwa na kiti cha magurudumu wala mpango wowote kwa ajili yake. Lakini kusoma alikuwa amekwisha kujua. Mara mbili nilimsikia akisoma somo la kwanza katika kanisa la mtaa, ameketi kitini karibu na altare, na sauti yake ilikuwa safi kuliko ya wengi wetu. Hesabu ya mwaka 1988 ilitangazwa, watu milioni 23 na kitu. Hesabu ile imepungua mtu mmoja, nami namjua kwa jina.

Siku hizi tunalisikia sana neno takwimu. Takwimu ni hesabu zilizoandikwa na kupangwa ili mwenye kuamua aamue vema. Shule ijengwe wapi, zahanati iwekwe wapi, kisima kichimbwe kwa watu wangapi, haya yote hutoka katika daftari. Asiyekuwamo daftarini hakupangiwa dawati, hakupangiwa dawa, hakupangiwa mkopo. Si kwamba amenyimwa. Hakuna anayejua kwamba yupo. Basi maendeleo yanampita mlangoni kama basi lisilosimama.

Tena iko hila moja ya hesabu ambayo nilikuwa nawafundisha watoto wa darasa la sita, nayo ni wastani. Chukueni wanafunzi 10. Wanafunzi 9 wamepata alama 70 kila mmoja, na mmoja amepata sifuri. Wastani wao ni 63. Mkaguzi akisoma 63 atafurahi na kwenda zake, wala hatajua kwamba yuko mtoto mmoja ambaye hakuandika hata herufi. Ndivyo ilivyo tukiambiwa kwamba mapato ya wilaya yamepanda. Lazima tuulize tena: Ya nani? Wanawake nao? Wajane nao? Wasioona nao? Kitongoji cha mbali nacho? Mwaka 2015 mataifa ya dunia yaliafikiana malengo 17 ya maendeleo, wakaahidi kwamba hataachwa mtu nyuma. Lakini aliyeachwa nyuma hatamwona mtu anayetazama wastani peke yake.

Namshukuru Mungu kwamba maswali yameanza kuwa mazuri zaidi. Sensa ya mwaka 2012 ilitupa watu 44,928,923, na ile ya mwaka 2022 ilitupa watu 61,741,120. Katika sensa hizo makarani hawakuishia kuhesabu vichwa. Waliuliza kwa upole kama mtu anapata shida ya kuona hata akivaa miwani, shida ya kusikia, ya kutembea, ya kukumbuka, ya kujihudumia. Swali la namna hiyo halimwaibishi mtu. Ukimwuliza mama, "Je, nyumbani kwako kuna kilema?" atasema hapana. Ukimwuliza, "Je, yuko anayepata shida kupanda ngazi?" atakuambia kweli.

Mimi mwenyewe ni shahidi. Mwaka 2022 karani alikuja kwetu na kishikwambi mkononi, kijana niliyemfundisha jedwali la kuzidisha. Tukaamkiana. Aliponiuliza kama nina shida ya kusikia, nikasema sina. Mke wangu akacheka, akasema, "Mzee, sema kweli. Swali lenyewe amelirudia mara tatu." Kijana aliandika ukweli, nami nikaona aibu. Nikafahamu kwamba hata mimi, mwenye kulaumu wanaoficha, nilikuwa nimejificha. Lakini yeye alirudia swali. Mimi mwaka 1988 sikurudia.

Baadhi yenu mnaujua mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini, ulioanza mwaka 2012. Utaratibu wake ulikuwa hivi: wananchi walikutana katika mkutano wa kijiji wakazitaja kaya zilizo duni, kisha makarani wakaenda nyumbani kuuliza juu ya paa, chakula na watoto, na majibu yakapimwa. Utaratibu huo una busara, kwa sababu jirani huona kwa macho na daftari huzuia upendeleo. Lakini unaanzia kinywani mwa jirani. Mjane asiye na mtu wa kumtaja mkutanoni anaweza kurukwa, kama wale wa Yerusalemu. Vivyo hivyo, tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili kurekebisha utaratibu, ikarudishwa mwaka 2024. Fungu hilo haliendi lenyewe mpaka chumba cha nyuma, kwenye jamvi, kumtafuta mtu. Lazima awepo wa kumtaja na wa kumsindikiza.

Hata hivyo, ndugu zangu, si kila kuhesabu kunampendeza Mungu. Daudi alihesabu watu ili ajue ukubwa wa nguvu zake, na kazi hiyo ilichukua miezi tisa na siku ishirini, kisha moyo wake mwenyewe ukamchoma (2 Samweli 24). Tukihesabu ili parishi yetu ionekane kubwa mbele ya parishi nyingine, tumefanya kama Daudi. Na tukiandika shida za watu kisha tukazibandika ubaoni mlangoni mwa kanisa, tumewavua nguo hadharani. Mnajua jinsi ndugu zetu wenye ualbino walivyowindwa katika nchi hii. Orodha ikianguka katika mikono mibaya inaweza kuua. Ndiyo maana tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kanisa halina ruhusa ya kuwa chini ya sheria katika jambo la heshima.

Basi natoa mashauri matatu, kama mwalimu anayetoa kazi ya nyumbani.

Kwanza, turudie swali. Madaftari yetu ya parishi yanaonyesha waliobatizwa, waliopata Kipaimara na waliotoa zaka. Hayaonyeshi asiyeweza kufika. Naomba kila mtaa uchague wachache waaminifu, na wengine wao wawe ni watu wenye ulemavu na wajane wenyewe, kama wale saba walivyokuwa karibu na waliorukwa. Wapite nyumba kwa nyumba, wasiulize tu mko wangapi, bali waulize: Je, yuko mwingine ndani? Wasimwandike mtu bila ridhaa yake au ya anayemlea.

Pili, daftari hilo litunzwe na Padre na mtu mmoja tu aliyeaminiwa, wala lisisomwe hadharani.

Tatu, kila jina lipewe hatua. Huyu asindikizwe kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Huyu mtoto atafutiwe cheti cha kuzaliwa. Huyu mama anayesuka mikeka aingizwe katika kikundi. Kuandika jina na kulilaza kabatini ni kumsahau mtu mara ya pili, tena kwa makusudi.

Bwana wetu alituambia juu ya mchungaji mwenye kondoo mia (Luka 15). Tunapenda kumwona akirudi na kondoo mabegani. Lakini kabla hajatoka kumtafuta, ilimbidi ahesabu. Jioni ile alisimama mlangoni mwa zizi, amechoka, giza linaingia, akahesabu mmoja mmoja mpaka akaona amepungukiwa. Angekadiria tu kwa macho, angesema wametimia, akalala usingizi mzuri, na kondoo angekufa porini.

Mimi nililala usingizi mzuri usiku ule wa mwaka 1988. Naomba ninyi msilale hivyo. Jumapili hii, mkitoka katika Misa, pitieni nyumba moja mnayodhani mnaijua, kaeni kidogo, na mkiisha kuambiwa idadi ya watu, ulizeni mara ya pili.

Mungu Baba, anayemjua kila mmoja wetu kwa jina, awabariki. Amina.

Wenu katika Kristo,
Mwalimu mstaafu