Chapa ya Kijiko

Wakusanyaji wa vijiko vya kale vya fedha vya Uingereza hutazama kwanza chapa. Sheria ya mwaka 1300 iliagiza fedha ipimwe, ndipo igongwe chapa ya kichwa cha chui. Tangu 1478 mafundi wa London walipeleka kazi zao kwenye jumba la chama chao, Goldsmiths' Hall. Fundi hakujithibitisha mwenyewe.

Sisi je? Mara ngapi tunajigongea chapa ya haki kwa sadaka na vyeo vya usharikani, kisha tunawapima majirani? Lakini iko tofauti moja, nayo ndiyo Injili: fedha hugongwa chapa ikishaonekana safi, sisi tulitiwa alama ya msalaba katika ubatizo tungali wenye dhambi.

Basi tusijifungie kabatini. Kijiko kilifuliwa ili kilishe.