Kaburi la yago

Ukimtafuta Mwafrika aliyekufa Kenya kabla ya 1920, usitegemee cheti. Usajili wa vizazi na vifo ulianza na Wazungu, 1904. Kwetu sisi, ulikuja kuwa lazima nchi nzima mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Babu yake nyanya yangu alichukuliwa kuwa mpagazi kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, kile kikosi kilichoachia soko la Kariokor jina lake. Hakurudi. Hakuna aliyemwandika. Aliyeandikwa ni mdogo wake, manake baada ya vita wanaume Waafrika walilazimishwa kubeba kipande: alama za vidole, mwajiri, mshahara, yote ndani ya kikebe cha chuma kinachoning'inia shingoni. Kwa hivyo si eti wino uliisha. Serikali iliandika mikono inayofanya kazi, maiti ikaziacha.

Mwaka wa 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikubali kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Binamu yangu anataka jina la mzee liandikwe. Mjomba hataki hata kusikia. "Sasa tuwapelekee ushahidi kwamba tulifiwa?"

Mimi niko na binamu, lakini hilo swali linaniwasha. Kwa sababu rekodi tunayo. Kwa Waluo, mwili usipopatikana, tunda la yago huzikwa badala yake, na watu wakalia kama kawaida. Kaburi la mzee liko bomani. Nyanya alionyeshwa na baba yake. Halina tarehe, lakini lina mashahidi, tena wengi kuliko karani mmoja na muhuri wake. Mbona basi lile liitwe mila na karatasi iitwe ushahidi? Aliyekataa kukuandika ndiye leo anakuuliza cheti kiko wapi. Kwangu hiyo ni dhuluma ileile, imevaa tai tu.

Jina tutalipeleka, pamoja na sauti ya nyanya iliyorekodiwa kwa simu na picha ya kaburi. Mjomba amekubali kupiga picha, shingo upande. Binamu bado anauliza, mahali alipozikwa tuandike nini, Tanganyika? Nimemwambia aandike Siaya.