Kumsoma Anayekusoma

Ubao wa igisoro, mchezo wa Rwanda ulio ndugu wa bao la pwani, una mashimo 32 na kete 64, na hakuna kete iliyofichwa. Kinachofichika ni nia ya aliyeketi upande wa pili, naye muda huohuo anaipekua nia yako.

Fumbo hilo limo pia katika akili unde. Mashine inayojifunza peke yake kwa kutuzwa na kuadhibiwa huikuta dunia imetulia: kanuni za jana ndizo za kesho. Ukiweka mashine ya pili inayojifunza vilevile, utulivu unakwisha. Mwaka 1951 George Brown alipendekeza njia nyepesi: hesabu aliyoyatenda mwenzako tangu mwanzo, chukulia kwamba ataendelea hivyohivyo, kisha umjibu. Njia hii imesaidia mengi, lakini inamwona mwenzako kama kiumbe kilichokwisha kujifunza. Kumjua mtu kwa mazoea yake tu ni kumnyima uwezo wa kubadilika.

Mwaka 2018 Jakob Foerster na wenzake walichapisha njia iitwayo LOLA. Kila mashine hupima jinsi hatua yake itakavyobadili kujifunza kwa mwenzake. Mbili za namna hiyo zilipokutanishwa mara kwa mara katika mchezo wa wafungwa wawili, ambamo kusaliti kuna kishawishi kikubwa, zilifikia kushirikiana. Matokeo hayo yananipa matumaini, na pia hofu, kwa sababu ajuaye unavyojifunza anaweza kukufunza anachokitaka yeye.

Kwenye igisoro hofu hiyo ni ndogo, kwani wote wawili wanasomana. Lakini fikiria programu ya simu inayomsoma dereva wa pikipiki pale Nyabugogo, jijini Kigali: nauli gani ataikubali, saa ngapi atachoka, atavumilia mpaka wapi. Dereva mwenyewe haioni ndani programu hiyo hata kidogo. Hapo usomaji umegeuka utawala, hata kama hesabu ni zilezile za LOLA.

Sheria ya Rwanda ya kulinda data binafsi, ya Oktoba 2021, inampa mtu haki ya kutofungwa na uamuzi mzito uliotolewa na mashine pekee. Wanaojenga mashine hizi Kigali waanzie hapo, kisha wampe dereva naye njia ya kuzisoma.